Misumari ya Daya

Nimeezeka nyumba nyingi Juba, na naweza kusema bila haya kwamba paa la mkono wangu halivuji. Kuna moja tu lililovuja miaka mitatu huku mimi fundi wake niko hai na nyundo ninayo, na lilivuja kwa sababu mwenyewe alitaka hivyo. Huyo mwenyewe ndiye ninayetaka kumzungumzia. Watu wa mtaa wa Nyakuron walimwita Daya, yaani mkunga kwa Kiarabu cha Juba, na mimi nitamwita vivyo hivyo. Jina lake nalijua. Kabila lake pia nalijua, lakini nimeishi Juba miaka ambayo kutaja kabila la mtu kwa sauti kulitosha kumwua, na ulimi wangu haujasahau.

Alinijia mara ya kwanza miaka ile ambapo amani ilikuwa imetiwa saini na uhuru bado haujafika. Mji ulikuwa ukijaa watu waliorudi kutoka Uganda, Kenya na Khartoum, kila mmoja anajenga. Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Busia na nyundo, mkasi wa bati, na cheo cha ufundi nilichojipa mwenyewe njiani. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Hai Jalaba, kati ya wauza saruji na wauza misumari. Akatokea mama mrefu, mkavu, tumbaku imemjaa chini ya mdomo, akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Wewe iko fundi ya kweli?"

"Wa kweli kabisa, mama."

"Basi kuja. Nyumba yangu nalia."

Paa lilikuwa la mabati kumi na manne, mekundu kwa kutu. Nilipopanda nikakuta kitu ambacho sikuwa nimekiona popote. Misumari yote ilikuwa imesimama. Hakuna hata mmoja uliopigwa ukazama. Kila kichwa kimeachwa juu, mtu angeweza kupitisha kidole chini yake. Upepo ukipita, mabati yanainuka na kushuka yakigongagonga, na maji hayana kazi ila kufuata msumari hadi ndani. Nikasema moyoni, aliyefanya kazi hii alikuwa amelewa chakari. Nikachukua nyundo, nikaupiga wa kwanza, ukazama vizuri. Sauti ikapaa kutoka chini.

"Nani nakutuma? Toa! Toa hiyo!"

"Mama, msumari uliosimama ndio unaoleta maji."

"Mimi najua."

"Sasa?"

"Sasa weka lami kwa tundu za zamani. Msumari acha. Kichwa yake ikae nje, mimi nikivuta inakuja."

Nilishuka ili tuelewane, na akanieleza huku anatafuna, macho kwenye paa. Mabati yale alikuwa ameyang'oa mara tatu kwa mikono yake. Mara ya kwanza akikimbilia Uganda. Mara ya pili kambi yao ilipovamiwa na waasi wa huko, wakahamishwa. Mara ya tatu akirudi kwao kwenye lori. Kila alipoyapigilia upya, mbao za nyumba mpya hazikulingana na matundu ya zamani, basi anatoboa mengine, na ndiyo maana bati moja lilikuwa na matundu ya nyumba nne.

"Mtu nakimbia na nini?" aliniuliza. "Sufuria inapatikana. Godoro inapatikana. Wewe nafika kwa nchi ya watu na bati yako, kesho wewe iko na nyumba. Wewe nafika mikono mitupu, wewe iko mkimbizi."

Nikatia lami na vipande vya mpira wa gurudumu, nikaondoka nikijua nitaitwa tena. Niliitwa. Kila mwanzo wa mvua niliitwa, na kila mara tulirudia ubishi ule ule, tuzibe au tubadilishe. Mimi nasema tubadilishe: nguo ikishakuwa viraka vitupu, nguo iko wapi? Yeye anasema ziba. Nikimaliza alikuwa na desturi ya kupanda juu ya pipa na kupitisha kidole gumba chini ya kila kichwa cha msumari alichoweza kukifikia, kimoja baada ya kingine, kuhakikisha sijamdanganya. Nilikuwa nikisimama pale na nyundo yangu kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari, na nakwambia ilinichoma.

Mikono yake ndiyo kitu pekee alichokitunza. Alijipaka mafuta ya simsim asubuhi na jioni, kucha kazikata hadi nyamani, hapasui kuni, haepui sufuria ya moto. Ukimwomba ashike kitu kizito anakuambia, "Hii mikono si yangu, ni ya watoto." Na kweli, nusu ya watoto wa mitaa ile walipita humo. Hospitali ilikuwepo, lakini wanawake wengi waliogopa njia, au foleni, au waliogopa tu, wakaja kwake. Kazi moja tu ndiyo aliyoiruhusu mikono hiyo nje ya kuzalisha, nayo ni kung'oa misumari.

Alikuwa mkali, jamani. Mwanamke akipiga kelele za uchungu anamwuliza, "Wewe naita nani? Mume yako hayuko hapa, na akiwa hapa atasaidia nini?" Wanaume tuliwekwa nje ya ua, hata mvua ikinyesha, hata ukilia. Lakini mtoto akitoka, yule mama mkali analainika ghafla, anamwimbia yule kichanga wimbo usio na maneno, pua yake imegusa paji la mtoto, na usithubutu kumtania kuhusu hilo baadaye.

Sokoni walimjua kwa kituko kingine. Hakununua kitu chochote kabla hajakijaribu kichwani. Kiti, debe, hata sanduku la nguo, analipachika kichwani, anatembea hatua kumi kwenda, kumi kurudi, wauzaji wanacheka hadi wanashika mbavu. Kikimlemea anakirudisha. "Hii haiwezi kukimbia," anasema, na habembelezwi. Basi nyumba yake ilikuwa na vitu vyepesi tu, mikeka na mabeseni, na mabeseni hayo ndiyo yaliyokuwa na kazi.

Kwa maana chumba cha kuzalia kilivuja mahali patatu, na kila mvujo aliupa jina. Mmoja aliuita Mume, kwa sababu alisema huanza kwa kelele kisha huishia kudondoka pole pole. Wa pili aliuita Chifu, huo hutoa maji machache lakini haukosi siku hata moja. Wa tatu, karibu na mlango, ulikuwa Jirani. Mvua ikianza utamsikia akiwaambia wanawake, "Sogeza mkeka, Mume nakuja." Beseni lililokinga maji ya paa ndilo aliloogeshewa mtoto. Wanawake walijifungua wakicheka, wengine wakilia na kucheka pamoja, na ninakiri kwamba mimi pia nilicheka, hadi zamu yangu ilipofika.

Mke wangu alishikwa na uchungu mchana, mvua ya mawe ikipiga. Nilisimama chini ya upenu wa ukuta wa jirani, nimelowa chapachapa, nikisikiliza mabati yangu, maana niliyaita yangu, yakigongana. Mtoto alizaliwa salama, msichana. Daya aliponiita ndani nikamwona binti yangu amefungwa khanga kwenye mkeka, na papo hapo tone kutoka kwa Mume likamwangukia usoni, akashtuka, akapiga kelele ya mtu aliyetukanwa. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilitazama juu nikaona msumari ule, kichwa chake kimesimama, na nikahisi aibu ambayo fundi pekee ndiye anayeweza kuihisi.

Hapo ndipo nilipogombana naye. Ulikuwa ugomvi wa kweli, sauti zetu zilifika barabarani, na niliuanza mimi. Ugomvi ulianzia kwenye kondo la nyuma. Daya alikuwa na sheria: kondo la mtoto aliyezaliwa kwake halitoki nje ya ua. Alilizika mwenyewe kando ya ukuta, akashindilia udongo kwa kisigino, akasema, "Sasa huyu iko mtu wa hapa." Hata kama wazazi ni wa Torit, hata kama ni Waganda kama sisi. Ua mzima ulikuwa umejaa watoto wa watu. Basi siku ile alipomaliza kushindilia la binti yangu, nikamwambia, "Mama, watoto wa wenzako unawapanda ardhini wasing'oke. Wewe mwenyewe paa lako umeliweka la safari. Unatudanganya."

"Wewe nasema nini?"

"Nasema kama hapa ni kwenu, kaa. Kama si kwenu, acha kuzika watoto wetu hapa. Na sikio la kufa halisikii dawa, mimi nimechoka kuziba."

Akatema tumbaku. Akasema, "Kijana, wewe hujakimbia bado," akaingia ndani. Mwaka mzima hakuniita. Mke wangu alinilaumu sana, na nikajibu kwa kiburi kwamba ukweli hauna budi kusemwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nane, na sikuwa nimewahi kukimbia kitu kikubwa kuliko askari wa mgambo.

Kisha ukaja uhuru. Sitaeleza siku ile, kila mtu wa Juba anayo yake. Nitasema tu kwamba Daya, ambaye hata harusini alikuwa akikaa pembeni na tumbaku yake, nilimwona kwa macho yangu akicheza kwenye vumbi na bendera ndogo ya karatasi, mikono yake ya watoto juu hewani, sauti imemkauka. Juma lile lile akaja kibandani kwangu. Hakukaa.

"Fundi. Kalas."

"Kalas nini, mama?"

"Kalas kuziba. Weka mpya." Akatazama chini, kisha akaniangalia usoni. "Na piga mpaka mwisho."

Habari ilienea Nyakuron haraka. Mama mmoja aliyejifungulia pale, mwenye pacha, alikuwa wa kwanza kuja na bati jipya kichwani. Kesho yake akaleta la pili, akasema pacha ni wawili. Baada yake wakaja wengine. Kila mwanamke aliyekuwa na mtoto kwenye ule ua alileta bati lake moja, na aliyeshindwa alileta misumari, na aliyeshindwa hiyo alikuja kupika. Mke wangu alilibeba letu mwenyewe, akakataa nimsaidie. Daya alisimama mlangoni akiyapokea, akisema malesh, malesh, kana kwamba anawaomba radhi kwa usumbufu.

Siku tatu nilifanya kazi kama mtu anayejenga kanisa. Mbao mpya, mabati mapya yanayoumiza macho, msumari kwenye kila mgongo wa bati, na sikuishia hapo. Nilitumia misumari mirefu ikatokeza upande wa pili wa mbao, kisha nikaingia chini nikazikunja ncha zote kwa nyundo. Msumari uliokunjwa ncha hautoki. Hautoki kwa nyundo wala kwa mtaimbo. Ukilazimisha, unachana bati. Nilijua hivyo. Ndiyo sababu nilifanya. Nilitaka asiweze tena.

Yale mabati ya zamani aliomba tuyaweke nyuma ya nyumba. "Ya nini, mama? Takataka hizo," nikasema, nikaanza kuyakata kwa mkasi, haya yawe mifereji ya maji, haya banda la kuku. Shuleni Busia tulikaririshwa, usiache mbachao kwa msala upitao, tukaimba kama kasuku na wala sikuikumbuka siku ile. Alinitazama nikikata kumi na tatu. Nilipolifuata la kumi na nne nikakuta amelikalia. Alikuwa amekaa juu yake hivi, miguu mbele, kama mtu anayepumzika tu.

"Hii hapana," akasema.

Nikacheka, nikamwachia.

Miaka miwili na nusu paa lile halikudondosha tone. Daya alilalamika kwamba hapati usingizi, kimya kimezidi. Lakini alibadilika. Alinunua kitanda cha mbao nzito chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua, halafu kabati ambalo lilibebwa na wanaume wanne wakitukanana njia nzima, na hakulijaribu kichwani. Alipanda milimau miwili. Alianza kusema "mwakani", neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mabeseni akayageuza ya kuogea tu. Nilipopita na binti yangu alimshika kidevu akamwelekeza ukutani, "Wewe iko pale," na mtoto anatafuta asione kitu. Nilijiona mtu mwema sana siku hizo.

Desemba vita vikaanza, wenyewe kwa wenyewe. Serikali yetu ilituma mabasi na wanajeshi kutuchukua Waganda, nami nikaondoka na mke na mtoto. Niliporudi baada ya miezi kadhaa, maana njaa ya Busia nayo haina huruma, nikaenda moja kwa moja Nyakuron. Nyumba kadhaa zilikuwa kuta tupu. Wenyewe walikuwa wameng'oa mabati wakaondoka nayo, au wezi walikuwa wameyang'oa. Paa la Daya lilikuwepo. Naye alikuwepo, amekonda.

"Hukukimbia, mama?"

"Nilianza," alisema. "Nilitoka na kifurushi mpaka kwa mlango. Nikatazama juu. Mabati ya watoto yote inang'aa. Nikarudi ndani." Alikaa chini ya kile kitanda chenye maua siku nne. Alinieleza hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akinitilia chai, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisemea kwamba paa langu limemshikilia. Kweli lilikuwa limemshikilia.

Tuliendelea hivyo, amani nusu, vita nusu, hadi Julai ile ambapo mji wenyewe uliwaka tena. Siku za kwanza hakuna aliyetoka. Tulilala sakafuni Hai Jalaba, binti yangu amewekwa katikati yetu, magodoro yamesimamishwa madirishani. Siku ya pili simu ikalia. Alikuwa mama wa pacha, jirani yake Daya.

"Fundi, Daya anasema uje na nyundo. Tunaondoka Nyakuron, lori liko, litaondoka keshokutwa. Anasema hawezi kwenda bila mabati ya watoto. Amejaribu kuyang'oa, misumari haitoki. Anauliza umeipiga vipi."

"Mwambie nakuja," nikasema.

Siku ile njia ilikuwa imefungwa, hilo ni kweli, na ningeweza kuishia hapo. Lakini sitajidanganya. Baadaye bunduki zilinyamaza. Watu walikuwa wakitembea. Kutoka Hai Jalaba hadi Nyakuron ni mwendo wa mtu kumaliza muwa. Nilikuwa na nyundo mkononi, nilifika hadi kona, nikaona maiti mbili na askari wamekaa kwenye kivuli wakivuta sigara, nikasimama. Si maiti zilizonirudisha. Nilifikiri: nikifika nitamwambia nini? Nitapanda juu mbele yake, nitachana bati moja baada ya jingine, naye anatazama, na nitasema, mama, ncha nilizikunja ili usiweze kuondoka? Nikarudi nyumbani. Jeshi letu lilipokuja tena kuchukua watu wake, tulipanda gari. Nyundo nilikuwa nayo mapajani hadi Nimule mpakani.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu huyo alinikuta Busia na hakuondoka tena. Nilikuwa siezeki vizuri, wenye nyumba walinung'unika. Miaka ikapita. Siku moja mke wangu akarudi kutoka kwa mkutano wa kanisa huko kaskazini, akaniambia amekutana na mama wa pacha. Daya yuko hai. Yuko kambi ya wakimbizi upande wetu wa mpaka, mbele ya Adjumani, peke yake, chini ya turubai, na turubai limeoza.

"Utaenda," mke wangu akasema. Hakuwa akiuliza.

Nilinunua mabati kumi, nikachukua mbao, misumari na lami, nikapanda lori. Nilimkuta mchana, kando ya njia nyekundu, kwenye kibanda cha udongo kilichofunikwa turubai lililochanika na kufungwa kamba kila upande. Mlango ulikuwa bati moja kuukuu, jekundu kwa kutu, lenye matundu mengi. Nililitambua kabla sijamtambua yeye. Lilikuwa lile alilolikalia.

Alikuwa amekaa chini na tumbaku yake. Alinitazama mikono kwanza, kama zamani, na mimi nikatazama yake. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vya katikati vilikuwa vimekatwa, na kidole gumba kimekauka, hakikunjiki. Wa kushoto ulikuwa na makovu meupe yanayopita kiganjani kote. Bati jipya lina makali ya wembe pembeni, kila fundi anajua hilo.

"Karibu, Fundi," akasema. "Kaa."

Nilikaa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Ile siku mimi nilituma simu. Ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Ndiyo. Waliniambia Fundi nakuja. Mimi niliweka chai."

Nilijaribu kusema. Nilimweleza ncha, nilimweleza kona na askari, nilimweleza yote huku nalia kama mtoto, mtu mzima mimi. Alisikiliza. Hakusema amenisamehe, na hakunilaani. Alinieleza tu kilichobaki, kwamba lori liliondoka akiwa bado amesimama juu ya meza anavuta misumari, siku mbili alivuta kwa kisu na jiwe na meno ya koleo, akang'oa misumari minne. Kwamba mikono ilioza njiani, akitembea kwa miguu na bati moja kichwani, na kliniki ya mpakani ndiyo iliyokata vidole. Na kwamba wezi walikuja na msumeno, wakakata mbao zenyewe, wakaondoka na paa lote zima likiwa limeshikana. "Kazi yako nzuri sana, Fundi," alisema, na hakuwa akinikejeli. Ingekuwa afadhali angenikejeli.

"Na kuzalisha?" nikauliza, mjinga mimi.

"Mtoto nateleza," akasema. "Hii mikono itaangusha."

Nikainuka, kwa sababu sikuwa na la kufanya na mwili wangu. Nikasema nimekuja na mabati, na kwamba turubai lile halifai kuzibwa, tulitoe kabisa. Nilitarajia ubishi. Nakwambia niliutamani ule ubishi kama mtu anavyotamani maji. Akasema tu, "Weka."

Nilifanya kazi mchana kutwa. Bati lake kuukuu nilitaka kulirudisha mlangoni. Akasema hapana, liweke juu na mengine, pale kitanda kilipo. Sikusema neno kuhusu matundu. Niliyaziba kwa lami moja moja. Kisha nikashika misumari, nikageuka nikamtazama chini.

"Mama, nipige vipi? Niviache vichwa?"

Nilitaka aseme viache. Nilikuwa nimekuja safari nzima nimebeba jibu hilo. Nilikuwa tayari kumsimamishia kila msumari, nimpimie nafasi ya kidole chake, ili siku yoyote akivuta, inakuja, na anakwenda Nyakuron kwenye ua wake uliojaa watoto, binti yangu mmoja wao.

Daya alitafuna kwanza.

"Piga mpaka mwisho," akasema. "Mimi siendi mahali tena."

Nilipiga. Nilipiga yote, na sauti ya nyundo kwenye kambi ile ilikuwa kubwa, watu walitoka kutazama. Mmoja tu nilishindwa. Ulikuwa kwenye lile bati kuukuu, pembeni, ambapo mkono wake ungefika. Niliuacha kichwa juu, nikashuka, nikaanza kukusanya vyombo vyangu haraka.

Alisogeza pipa la maji. Nilimshika kiwiko akapanda. Akapitisha kile kidole gumba kilichokauka juu ya vichwa, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya Nyakuron, na kila kimoja kilikuwa kimelala sawa na bati. Alipofika kwa ule wa pembeni kidole kikakwama chini yake. Alikiacha pale kwa muda.

"Huu bado," akasema.

Nikapanda, nikaupiga.